Kabla ya Kigingi cha Kwanza
Hotuba kwa wenye viwanda na maafisa wa serikali, Nairobi

Mgeni wa heshima, maafisa wa wizara, ndugu zetu wa KWS, shirika la wanyamapori, na wa NEMA, mamlaka ya mazingira, wakurugenzi wa kampuni, wazee wetu wa Kajiado, mabibi na mabwana. Hamjambo? Hamjambo tena?

Nimeombwa nizungumzie ushirikiano kati ya serikali na viwanda katika kuwahifadhi wanyamapori. Kazi yangu ni ya tathmini za athari kwa mazingira. Naitwa mradi ukiwa bado karatasi, natembea na mpima ardhi, naandika ni mnyama gani anapita wapi na kwa majira gani. Wakati mwingine naitwa ukuta ukiwa tayari umesimama, nikaombwa niandike vilevile. Ndiyo maana nitasema jambo moja tu leo na kulizungukazunguka: ushirikiano wa kweli huanza kabla kigingi cha kwanza hakijapigwa chini. Ukianza baada ya hapo, unakuwa mchango. Michango ni mizuri, na wengi wenu mmechanga kwa moyo, lakini mchango hauhamishi ukuta.

Tuangalie hapa tulipo. Mbuga ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946, ya kwanza nchini. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 117. Pande tatu zina ua, na upande wa kusini, mtoni Mbagathi, umeachwa wazi kwa makusudi, kwa sababu mbuga ile haikuwahi kujitosheleza. Mvua zikinyesha, nyumbu na punda milia walitoka kwenda tambarare za Athi na Kaputiei wakafuate nyasi fupi zenye madini. Kiangazi kikikaza, walirudi kwenye maji ya kudumu mbugani. Miaka ya 1970 nyumbu wa tambarare zile walihesabika kwa makumi ya maelfu. Waliobaki leo ni wachache mno, na mapito yao mengi yamezibwa.

Ujangili wa nyama ulichangia, hatukatai. Lakini kilichowabana zaidi ni seng'enge, ploti, machimbo ya mawe, barabara, maghala, viwanda. Kimoja baada ya kingine, na vingi vikiwa na karatasi zake sawasawa. Hapakuwa na siku moja ambayo mtu alikaa akaamua kwamba nyumbu wa Athi waishe. Kila mmoja aliangalia ekari zake, na ofisi iliyompa kibali ikaangalia ekari hizohizo. Kazi ya kuangalia tambarare nzima haikuwa ya mtu yeyote.

Palikuwa na jaribio la kuwalipa wenye ardhi. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango Kitengela: mwenye shamba apewe shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, naye asizungushe ua, asichimbe mawe, asiuze, awaache wanyama wapite. Malipo yalipangwa yafike wakati wa karo, na kwa familia nyingi zilikuwa fedha za maana, hasa mwaka wa ukame ng'ombe wakifa. Nauheshimu sana mpango ule. Lakini tazameni ulishindana na nani. Fedha zake kubwa zilitoka kwa wafadhili wa uhifadhi, ilhali bei ya ardhi ilikuwa inasukumwa na mji na viwanda. Shilingi 300 upande huu, na upande ule mnunuzi aliyeegesha gari nje ya boma akiwa tayari kulipa mamilioni. Mzee akiuza, nani atamlaumu? Aliyekuwa na fedha za kushindana na yule mnunuzi ni sekta yenyewe iliyokuwa ikinunua, nayo haikuwa mezani.

Sheria tunayo. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inadai tathmini kabla ya mradi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilizitambua hifadhi za jamii na za watu binafsi kuwa matumizi halali ya ardhi, ikaweka fidia: shilingi milioni 5 mtu akiuawa na mnyama, milioni 3 akipata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Tatizo letu si uhaba wa vifungu.

Sasa niwapeleke mahali ambapo mambo yalifanywa kwa mpangilio, na nitakaa hapo kidogo. Nyuma ya milima ya Ngong, ndani ya Kajiado, kuna mradi wa umeme wa upepo wa Kipeto: mitambo 60, megawati 100. Eneo lile lina upepo mzuri, na upepo huohuo ndio unaowabeba tumbusi. Huko huko Kajiado, kwenye majabali ya Kwenia, wanazaliana tumbusi wa Rüppell. Ndege hawa, pamoja na wenzao wa mgongo mweupe, wako katika daraja la mwisho la hatari ya kutoweka duniani. Tumbusi huruka akiangalia chini, anatafuta mzoga. Hatazami mbele kama mwewe anayewinda. Ukimjengea mapanga makubwa yanayozunguka njiani mwake, atayaona akiwa amechelewa.

Kampuni ingeweza kulipa, ikapanda miti, ikapiga picha. Badala yake jambo la tumbusi liliingizwa kwenye mpango wa uendeshaji wa mitambo yenyewe. Waangalizi hukaa kwenye vituo vya kutazamia, darubini shingoni, simu ya upepo mkononi. Jua likishapasha ardhi na hewa ya moto ikaanza kupanda, ndipo tumbusi wanapoinuka, na ndipo kazi yao inapokuwa ngumu. Mwangalizi akimwona ndege anaelekea kwenye mtambo, anatoa taarifa, na mtambo ule unasimamishwa. Mapanga yanapunguza kasi, yanatulia, ndege anapita, kisha yanaanza tena. Kila dakika ya kusimama ni umeme ambao haukuuzwa. Hasara hiyo iliingizwa kwenye hesabu mapema, na ndiyo sababu hakuna meneja anayekunja uso darubini ikitoa amri. Wakurugenzi wa fedha mliomo humu mnanielewa: hasara iliyopangwa haimuumizi mtu kama hasara iliyomvamia.

Tusidhani ni huruma peke yake. Wakopeshaji wakubwa wa miradi kama ile siku hizi hudai masharti haya kabla hawajatoa fedha. Vizuri. Sharti la benki likimwokoa ndege, mimi sina ugomvi nalo.

Kilichonivutia zaidi pale si mapanga, ni ng'ombe. Tumbusi wengi nchini mwetu wanauawa na sumu. Usiku simba au fisi anavunja boma, anaua ng'ombe. Asubuhi mwenye mali, kwa uchungu ambao sisi wa mjini hatuujui, ananyunyizia mzoga dawa ya wadudu. Anakufa simba, anakufa fisi, na tumbusi wanaoshuka kwa makumi kwenye mzoga mmoja wanakufa wote juu yake. Kwa hiyo ukitaka kumwokoa tumbusi lazima uimarishe boma. Mradi ule, pamoja na wataalamu wa ndege, umeingia katika kazi hiyo: kuimarisha maboma ili simba asiingie, na kuwafunza watu nini cha kufanya haraka mzoga wenye sumu ukionekana. Kampuni ya umeme inajenga zizi la ng'ombe! Ukilisikia mara ya kwanza unaona ni jambo la ajabu. Ukishaijua njia ya sumu, unaona ni hesabu sahihi kabisa.

Na sumu yenyewe ina mwenye kiwanda. Dawa iliyotajwa sana katika vifo vya simba wetu ilikuwa Furadan. Mwaka 2009, baada ya kelele kubwa ndani na nje ya nchi, kampuni iliyoitengeneza, FMC ya Marekani, iliiondoa sokoni Kenya na kuzinunua tena zilizokuwa zimebaki madukani. Walifanya vyema kuiondoa. Lakini duka la pembejeo lina rafu ndefu, na dawa nyingine kali bado ziko pale. Hapa bodi inayodhibiti viuatilifu, watengenezaji na wenye maduka ya agrovet wana kazi ambayo KWS haiwezi kuwafanyia: kujua nani ananunua nini, kwa kiasi gani, na kumkatalia asiye na shamba wala kupe wa kuua.

Mfano wa upande wa pili hauhitaji maneno mengi. Februari 2021, katika hifadhi ya Soysambu karibu na ziwa Elmenteita, twiga watatu wa aina ya Rothschild waliuawa na nyaya za umeme. Twiga dume aliyekomaa hupita mita 5. Nyaya zilikuwa chini ya kichwa chake. KWS ilisema hadharani kwamba nguzo zilikuwa fupi kuliko urefu wa twiga, mhifadhi Paula Kahumbu akasema ushauri wa wataalamu ulikuwa umepuuzwa, na kampuni ya umeme ikatangaza kwamba itarekebisha nguzo. Nguzo ndefu zaidi ingegharimu kiasi gani siku ya kuchora mradi? Tofauti ya mbao na usafiri. Baada ya vifo, ikawa ni kung'oa, kununua upya, kusimamisha upya, na jina la nchi kuzunguka dunia nzima kwa aibu.

Linganisheni na Olkaria. Mtambo wa kwanza wa mvuke ulianza kutoa umeme mwaka 1981. Mbuga ya Hell's Gate ikatangazwa mwaka 1984, ikizungukwa na kuingiliwa na kazi hiyohiyo. Mabomba ya mvuke yanakimbia ardhini kilomita nyingi, na bomba la namna ile kwa pundamilia ni ukuta tu. Kwa hiyo mahali pa mapito yamepindwa yakapanda juu kama lango, wanyama wakapita chini yake. Wapo wanaolalamikia kelele, barabara na msongamano wa mitambo pale, na wana hoja. Lakini lile bomba lililopindwa lilichorwa na mhandisi aliyejua kwamba kuna twiga. Mhandisi anayejua kuna twiga, huyo ndiye ninayemtaka katika kila kampuni iliyomo humu.

Wenye machimbo, msijifiche nyuma ya wenye mitambo. Mnaijua Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 kampuni ya saruji ilimruhusu mtaalamu wake wa kilimo, René Haller, ajaribu kuotesha miti kwenye shimo lililobaki baada ya kuchimba mawe ya matumbawe: mahali peupe, pa chumvi, pa joto, pasipo udongo. Miti mingi aliyoijaribu ilikufa. Mvinje ukastahimili. Halafu likaja tatizo jingine: majani ya mvinje yalianguka yakarundikana bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Aliyefungua njia ni jongoo. Haller aliwaona majongoo wakiyala majani yale, akawaleta kwa mamia, nao wakayasaga wakayatoa yakiwa mbolea. Udongo ukaanza kujijenga juu ya jiwe. Leo pale ni msitu, pana viboko na twiga, na watoto wa shule wanakwenda kwa mabasi. Haikuwa kazi ya mwaka mmoja wa fedha. Mlio na machimbo Mlolongo na Kitengela, mashimo yenu yanajaa maji kila masika na watoto wanazama humo. Yawekeni kwenye bajeti sasa, mkiwa bado mnachimba na tingatinga bado ni lenu.

Kuhusu usafirishaji nitasema kitu ambacho wauza chai hawapendi kukumbushwa, na nawaomba wanivumilie. Aprili 2015 Thailand ilikamata takriban tani 3 za pembe za ndovu zilizosafirishwa kutoka Kenya. Mwezi uliofuata Singapore ikakamata takriban tani 3.7, zimefichwa katikati ya magunia ya majani ya chai. Chai! Zao ambalo mama wa Murang'a au Kericho analichuma na umande, ndilo lililotumiwa kuwafunika ndovu waliouawa. Mkulima yule hakujua lolote. Lakini mwenye ghala, wakala wa forodha, mwenye lori, mwenye meli, kila mmoja aliligusa lile kontena. Mwaka 2016, mwezi Machi, mashirika ya ndege na kampuni za meli zilitia sahihi tamko London, katika jumba la Buckingham, kuahidi kupeana taarifa na serikali na kuwakataa wateja wenye mizigo ya namna hiyo. Mwezi uliofuata, hapa mbugani kwetu, tukateketeza tani 105 za pembe za ndovu. Moto ule ulionekana dunia nzima. Kazi ya wakala wa forodha anayetilia shaka uzito wa kontena la chai haionekani na mtu, na mimi naithamini kuliko moto ule. Nani anamlinda wakala huyo akipiga ripoti? Serikali itujibu.

Kuna mto pia. Maji machafu yanayomwagwa usiku kwenye mto Nairobi na vijito vya mji wa Athi River hayapotei. Mto Athi unapokea yote, unashuka, ukiungana na mto Tsavo unaitwa Galana, unakata mbuga ya Tsavo Mashariki penye viboko na mamba, unaitwa Sabaki, unaingia baharini karibu na Malindi. Mwenye kiwanda Eneo la Viwanda ni jirani wa kiboko wa Tsavo, apende asipende. Na NEMA, niseme nanyi: mnapokuta bomba linamwaga uchafu, chapisheni jina la kiwanda na matokeo ya vipimo. Wale wanaosafisha maji yao kwa gharama kubwa wanaumia wakishindana na jirani asiyesafisha.

Baadhi yenu mtaniambia kazi hii ni ya kampuni za utalii, ndizo zinazokula kwa mgongo wa wanyama. Zimefanya kazi kubwa, hasa Mara, ambako wenye ardhi wameunganisha vipande vyao wakaunda hifadhi kama Olare Orok na Naboisho, na kampuni za kambi zikawa zinawalipa kodi ya kila mwezi bila kujali wageni wangapi wamekuja. Kisha ukaja mwaka 2020. Ndege zikasimama, kambi zikafungwa, na wenye ardhi wengi ikabidi wakubali kodi iliyopunguzwa. Familia iliyotegemea kodi ile ilikaa na simba nje ya boma na mfuko mtupu. Uhifadhi wa nchi nzima hauwezi kusimama kwa sekta moja inayoweza kufungwa na ugonjwa ndani ya wiki mbili. Benki zinafaidika na ardhi yenye nyasi, kwa kuwa zinakopesha wafugaji. Viwanda vya vinywaji vinafaidika na maji. Ua wa umeme wa Aberdare, unaokaribia kilomita 400, ulijengwa kuanzia mwaka 1989 hadi 2009 kwa michango ya mashindano ya magari ya Rhino Charge, kampuni nyingi na mkono wa serikali. Uliwazuia ndovu wasivunje shamba la mkulima wa Nyeri, na ukalinda msitu unaojaza bwawa la Ndakaini. Bomba la kiwanda chako hapa Nairobi linatoa maji ya msitu ule. Kwa hiyo mtu asiniambie biashara yake haina wanyama ndani yake.

Na sasa serikali, kwa heshima. Ninyi ndio wajenzi wakubwa kuliko wote. Reli ya SGR imepita katikati ya mbuga ya Nairobi juu ya daraja la kilomita 6. Palikuwa na kesi, palikuwa na maandamano. Mhandisi atasema daraja ni bora kuliko tuta, na hapo yuko sahihi; wanyama wanapita chini. Lakini mjadala wa njia ipi ifuatwe ulipaswa kuja kwanza, hadharani, na wananchi walihisi wameletewa jibu kabla ya swali. Mkifanya hivyo ninyi, mtamwambia nini mwenye ghala wa Syokimau anayetaka kujenga kwanza na kuomba kibali baadaye?

Lingine ni fidia. Madai yamerundikana, kuna wajane wanaosubiri miaka. Kampuni inapokwenda kijijini kuomba wanyama waachiwe njia, inakuta mama ambaye mumewe aliuawa na ndovu na hajaona senti. Huyo mama hatofautishi kati ya kampuni na serikali, na hana sababu ya kutofautisha. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280. Tuliifurahia, na mimi niliifurahia, kwa kuwa mwaka 1989 tulikuwa tumebaki na takriban 16,000. Lakini ndovu wakiongezeka na ardhi ikipungua, madai yataongezeka, na fedha zake lazima ziwe kwenye bajeti kila mwaka kama mshahara.

Nimalizie na ombi moja mahususi. Ramani za mapito ya wanyama zipo. Serikali ilizichora pamoja na watafiti, zimechapishwa, na zinaonyesha wazi njia za Athi na Kaputiei, zilizo wazi na zilizozibwa. Ziko kwenye kabati za idara za wanyamapori. Mnunuzi wa ardhi hapitii huko, anapita ofisi ya ardhi. Anatafuta hati, anaona jina la mwenyewe, anaona kama kuna mkopo, analipa. Mwaka unaofuata ananiita mimi nimwandikie tathmini, nikamweleza kwamba ekari zake 20 zimekaa juu ya mapito ya mwisho, na hapo hakuna mtu anayeweza kumrudishia fedha zake.

Naomba ofisi za ardhi za Kajiado na Ngong ziwe na ramani hiyo, na kila anayetafuta hati katika eneo lile aonyeshwe kabla hajatoa hata shilingi. Hilo halihitaji sheria mpya wala mfadhili. Linataka idara mbili zikubali kutumiana faili, na chama cha wenye viwanda kiwaagize wanachama wake waiulizie. Maafisa wa idara zote mbili wameketi humu pamoja nasi, na mkutano unaendelea hadi saa kumi. Naomba watupe jibu, na tarehe, kabla hatujaachana.

Ahsanteni sana.